Kihamba Kisicho na Mbuzi

Nilipokuwa msichana, kihamba chetu, yaani shamba lililozunguka nyumba, kilikuwa na kila kitu isipokuwa mbuzi. Migomba ilikuwepo, imesongamana hadi mchana ukaonekana jioni. Chini yake kahawa, zizini ng'ombe wawili wasiotoka nje, halafu kondoo wanene wenye mikia ya kuburuta, kuku, mizinga ya nyuki, na paka mmoja mvivu ambaye hakuna aliyejua ni wa nani. Ila mbuzi hapana. Mbuzi wa jirani akikatiza tu kwenye ua wetu, baba aliacha alichokuwa anakifanya, hata kama ni sala ya chakula, akatoka kumfukuza kwa jembe.

Asiyeujua mlima wetu atadhani hilo ni jambo dogo. Kwetu mbuzi ndiye aliyesema yale ambayo mdomo ulishindwa kuyasema. Umemkosea ndugu yako, unapeleka mbuzi. Unataka mke, unapeleka mbuzi. Mtoto amezaliwa, mbuzi. Mzee amefariki, mbuzi tena. Baba alitumia kondoo kwa mambo yote hayo, na watu walimpokea kondoo wake kwa heshima, wakashukuru, wakaanza kucheka walipofika nyuma ya migomba.

Aliyeumia zaidi ni mama. Mwanamke wa kwetu akijifungua hukaa ndani muda mrefu akilishwa: mlaso, yaani damu iliyochanganywa na maziwa na siagi, mtori wa ndizi, na juu ya vyote supu ya mbuzi. Anaingia mzazi amechoka, anatoka anang'aa mashavu, na sokoni wenzake wanamshangilia. Mama yangu alilishwa kondoo, na nyama ya kondoo ilimchefua tangu utoto wake. Alitoka uzazini amekonda kuliko alivyoingia. Mwanamke mmoja mwenye ulimi alimwuliza mbele ya soko zima, "Mwenzetu, umezaa au umefiwa?"

Alipomzaa mdogo wangu wa mwisho alikuwa dhaifu mno, hata bibi akatumwa kwa baba kumwombea supu ya mbuzi, japo kikombe kimoja, hata kama mbuzi atachinjwa kwa jirani. Baba alisikiliza kwa makini. Kisha akachinja kondoo wawili.

Ukimwuliza sababu alijibu, "Sipatani na harufu yake." Hakuna aliyembishia, kwa maana baba yangu hakuwa mtu wa kubishiwa. Ndiye aliyegawa maji ya mfongo, ule mfereji unaoyaleta kutoka msituni hadi vihambani. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na kila nyumba ilijaribu kuiba kidogo ya mwenzake, na baba hakumwonea huruma mwizi hata mmoja. Kaka yangu alipofungua maji kabla ya wakati, baba aliwanyima watu wa nyumba yake mwenyewe zamu nzima, tukaangalia mboga zetu zikinyauka huku za jirani zikicheka. Watu walimheshimu kwa hilo. Sisi tulimheshimu pia, lakini kwa kununa.

Alikuwa pia mzee wa kanisa, na benchi lake lilikuwa mbele kabisa. Jumapili na siku za mashauri alivaa koti jeusi alilolinunua Moshi mjini kwa fedha za kahawa yake ya kwanza. Koti lile lilitundikwa peke yake, na mtoto aliyeligusa alijuta. Na alipopewa nafasi ya kuzungumza kanisani hakugusia ulevi wala uzinzi, mambo ambayo yangewahusu wengi. Alizungumzia watu wanaochinja mbuzi na kusoma matumbo yake ili kujua ya kesho. Aliwachapa kwa maneno mpaka sauti ikamkauka. Watu walirudi nyumbani wakijiuliza ni nani huyo ambaye mzee alikuwa anamsema.

Alikuwa anajisema mwenyewe. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenieleza tukiwa tunamenya ndizi za mtori. Baba alipokuwa mtoto mchanga, babu alichinja mbuzi, akamfungua, akayatazama matumbo kwa muda mrefu, akasema, "Heshima ya mtoto huyu italiwa na mbuzi." Basi. Hakusema lini wala kwa nini.

"Na babu alikuwa akisoma vizuri?" nilimwuliza.

Bibi alifikiri. "Mara nyingine. Siku ile lakini pombe ya mbege ilikuwa nzuri mno."

Baba alikua akilijua neno hilo, akabatizwa akilijua, akaoa akilijua. Mchana alilikana kwa sauti kubwa na usiku akahakikisha mlango umefungwa ili mbuzi asiingie. Hakumwambia mtu. Mama alijua kwa sababu wake hujua, nasi watoto tuliamini habari ya harufu, mpaka bibi aliponieleza mimi.

Mimi ningeendelea kuiona hadithi hiyo kuwa ya kuchekesha kama nisingempata fundi wangu.

Alikuwa fundi cherehani, akishona barazani Kiboriloni, na nilikwenda kwake kushonesha gauni. Alipima mabega yangu kwa muda mrefu kuliko gauni lilivyohitaji. Gauni lilipokwisha lilinibana, ikabidi nirudi, na mpaka leo naamini alilibana kwa makusudi. Alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa macho, na nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya mto, watu wa kanisa kama sisi. Nilimtaka. Nasema wazi kwa sababu siku hizi wajukuu wangu wanadhani sisi tulipelekwa tu kama ndizi sokoni.

Wazee wake walikuja kuposa na mbege, na mbele yao wakamtanguliza mbuzi dume mwekundu, mzuri, kwa ajili ya wajomba zangu. Desturi ni kwamba baba wa binti anamwekea mbuzi kiganja mgongoni na kusema, "Tumempokea." Bila kiganja hicho wajomba hawamgusi mnyama, na wajomba wasipomla hakuna ndoa. Baba alisimama mlangoni pa ua katika koti lake.

"Mbege ipite," alisema. "Mbuzi arudi. Leteni kondoo."

Walirudi kwao na vyote viwili, mbege na mbuzi. Baba yake fundi alisema maneno ambayo yalifika kwetu kabla jua halijazama: "Nyumba inayochagua mnyama wetu leo, kesho itamchagua mtoto wetu." Fundi wangu akapewa muda mpaka kahawa ivunwe. Baada ya hapo angeozwa binti wa jirani yao, ambaye baba yake alikuwa akipokea chochote chenye miguu minne.

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa zaidi. Nilimpikia baba mtori usio na chumvi wiki nzima. Aliumaliza kila siku bila kusema neno, jambo lililozidi kuniudhi. Kahawa nayo ilikuwa inaanza kuwa nyekundu kwenye matawi, na kila punje iliyoiva niliiona kama inanicheka.

Mama ndiye aliyevunja kimya. "Huyu mtoto ataolewa," alimwuliza baba mbele yetu sote, "au atazeekea hapa akikupikia bila chumvi?"

Baba alitazama bakuli lake. Nadhani ndipo alipogundua kwamba ilikuwa makusudi. "Waje," alisema hatimaye. "Na mbuzi wao. Mimi siku hiyo nitakuwa mfongoni. Mdogo wangu atampokea."

Wageni wangeambiwa kwamba mfereji umebomoka huko juu na mwenye maji ameitwa. Huo ulikuwa uongo, na mwenye kuutunga alikuwa mzee wa kanisa. Mama alikwenda kuchuja mbege.

Siku yenyewe nilifichwa, kama bibi harusi afichwavyo, katika nyumba ya zamani ya bibi. Ilikuwa nyumba ya msonge, duara, nyasi hadi chini, giza ndani na moshi usiotoka. Juu ya jiko palikuwa na dari ya miti ambapo ndizi za mbege ziliwekwa kuiva, na ngazi ya kupandia. Mimi na bibi tuliketi karibu na moto tukisubiri.

Baba alitoka kuelekea mfongoni akiwa amevaa koti. Hakuna mtu anayekagua mfereji kwa koti la Jumapili, lakini ilikuwa posa ya binti yake na sidhani kama angeweza kuipitisha bila koti, hata mafichoni. Hakufika mbali. Wageni walikuwa wamepita kwanza kumchukua mchungaji, kwa hiyo walikuja kwa njia ya juu, ile ile aliyoitegemea baba, na aliyetangulia alikuwa mbuzi. Baba aligeuka. Mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa bibi.

Aliingia ameinama, akatutazama, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Kabla hajapanda alikumbuka masizi. Akalivua koti, akalikung'uta, akalitundika vizuri kwenye kipandio cha chini, kisha akapanda na fulana yake mpaka kwenye ndizi.

"Baba," nilimwita kwa sauti ya chini, "unafanya nini huko?"

"Nyamaza. Naangalia ndizi."

Bibi alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Nje mambo yalikwenda vizuri. Baba mdogo alieleza habari za mfereji kwa ufasaha, akaongeza na mti ulioanguka ambao hakuna aliyemwambia auongeze. Mchungaji alisikitika. Akaomba dua ya kufungua shughuli, na ndani ya dua akamkumbuka mzee wetu aliyeko majini saa hii kwa ajili ya watu wake. Juu yetu, katikati ya ndizi, tulisikia sauti ndogo: "Amina."

Kisha wageni wakaomba kigingi na kamba, wamfunge mbuzi wakati mbege inazunguka.

Nyumba nyingine yoyote ya mlimani ina kigingi uani na kamba juu yake. Kwetu havikuwepo, kwa kuwa havikuwa na kazi. Kaka yangu, aliyelelewa katika nyumba ile na hajawahi kumfunga mbuzi maishani mwake, alifanya alichoona kinafaa: alichana gome kavu la mgomba, akalisokota kamba, akamfunga mbuzi kwenye mgomba. Mtoto wa miaka mitano kutoka nyumba yenye mbuzi angemwambia kwamba mbuzi ataila kamba hiyo kwanza na mgomba baadaye. Wageni walikwisha kupewa vibuyu na hawakuwa wakiangalia.

Mbuzi aliila kamba. Mgomba hakuutaka, kwa sababu alikuwa amesikia harufu ya ndizi mbivu. Akaifuata harufu hiyo hadi mlango wa bibi, akaingia bila hodi, akasimama chini ya ngazi akitazama juu. Baba alitazama chini. Sijui ni nani aliyemtambua mwenzake kwanza. Mbuzi aliona ndizi ziko mbali na mkono wa koti uko karibu, akauingiza mdomoni.

Niliinuka kumwondoa, bibi akanishika gauni. "Mwache," alisema. "Nimemngoja huyu tangu ujana wangu."

"Mbuzi!" Baba alisahau mahali alipo. "Toeni mbuzi! Toeni mbuzi!"

Ilikuwa sauti ile ile iliyofunga maji ya watu, na hakuna mtu wa upande ule wa mlima asiyeijua. Ua mzima uliweka vibuyu chini. Kisha wakaja wote, na wa kwanza kuinama na kuingia alikuwa mchungaji. Alimwona mbuzi. Alifuata ngazi kwa macho, taratibu, mpaka juu, akamwona mzee wa kanisa katika fulana, masizi kichwani, kakumbatia mkungu wa ndizi.

"Mzee," alisema mchungaji, "kwani maji yamefika huko?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi angeweza kutuokoa kwa kunyamaza, lakini hakuwa na mpango huo. Aliwaeleza wageni wote, kwa furaha ya mtu aliyeahidiwa kitu zamani na amekipata, yale ambayo mume wake aliyasoma tumboni mwa mbuzi. "Tazameni," alimaliza. "Ameanzia mkono."

Ndipo wakaelewa. Kondoo wote wale. Harufu. Mahubiri yale makali. Niliona jambo hilo likipita kwenye nyuso zao, moja baada ya nyingine, na nikatamani kumvuta baba mguu kwa hasira, na wakati huo huo nikatamani kumfunika kwa khanga ya bibi ili wasimwone. Alikuwa baba yangu. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo.

Aliyesema kwanza ni baba yake fundi. "Kumbe hukumdharau mbuzi wetu," alisema kwa mshangao. "Ulimwogopa." Uso wake ulilainika. Mtu akimwogopa mbuzi wako hajakutukana.

Lakini kiganja kilikuwa bado. Baba mdogo asingeweza kukiweka tena, maana mwenye binti alikuwa pale pale, juu ya vichwa vyetu. Mama aliwapenya watu akafika chini ya ngazi. Yeye peke yake hakuwa na hata dalili ya kucheka.

"Shuka," alimwambia. "Umepanda kwa miguu yako, hakuna mbuzi aliyekubeba. Shuka umshike mgongo, mtoto aolewe."

Nilihesabu vipandio vya ngazi kwa macho na kuomba. Kisha miguu yake ikaanza kushuka. Alifika chini, akamtazama mbuzi aliyekuwa bado anatafuna, akamwekea kiganja mgongoni.

"Tumempokea," alisema.

Basi nikaolewa, na baba akaanguka. Mchungaji alikuwa mwema lakini wazee wenzake hawakuwa, na Jumapili iliyofuata benchi la mbele lilikuwa na nafasi. Baba aliketi nyuma karibu na mlango, na wenye watoto wanaolia. Maji aliendelea kuyagawa kwa muda mfupi. Siku moja alikuwa anaamua ugomvi wa zamu, na katikati ya maneno yake kijana mmoja aliyejificha kwenye kahawa akalia, "Meee." Wagombanao wote wawili wakacheka. Baba alikabidhi kazi ya maji jioni ile na hakuiomba tena. Mfongo ulipata mgawaji mwingine, mtu mcheshi, na maji yakawa hayafiki chini.

Nyumbani kesi haikuisha. Bibi alishikilia kwamba liandikwalo halifutiki, na kwamba mume wake, mbege au si mbege, alisoma sawasawa. Mama alijibu kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nilikuwa upande wa mama. Nilisema, na bado nasema, kwamba kama baba angefuga mbuzi mmoja tu, tungekuwa na kigingi na kamba, na koti lingekuwa na mikono miwili. Bibi alinijibu kwamba hayo ndiyo aliyoandikiwa: kutofuga. Kwa hoja hiyo hakuna aliyewahi kumshinda bibi. Baba alipotusikia alitoka kwenda kuangalia kahawa.

Mume wangu alimshonea koti mkono mpya. Kitambaa kilichofanana hakikupatikana Kiboriloni wala mjini, kwa hiyo mkono mmoja ulibaki mweusi na mwingine wa kijivu. Alilivaa hivyo hivyo, jambo lililonishangaza.

Mwaka uliofuata nilijifungua. Mama alivuka mto kuja kunilea, na siku chache baadaye, asubuhi, tulisikia watoto njiani wakilia kwa sauti za mbuzi, "Meee, meee," na kucheka. Nilichungulia mlangoni. Baba alikuwa anapanda njia katika koti lake la mikono miwili tofauti, akiwa ameshika kamba nzuri ya katani, na mwisho wa kamba alikuwa mbuzi. Kwapani alikuwa na kigingi alichokichonga mwenyewe. Alikuwa amepita hivyo mbele ya kanisa na sokoni, mahali pote penye watu.

Alikipigilia kigingi uani, akamfunga mbuzi, akasimama kuangalia kama kamba imeshika. Baadaye walichinja, yeye na mume wangu, na supu akaisimamia mwenyewe, akimfukuza kila aliyetaka kusaidia. Ilipoiva aliileta ndani kwenye bakuli la mti, mvuke ukimpanda usoni. Nilinyoosha mikono. Mimi ndiye niliyekuwa mzazi.

Alinipita. Alikwenda mpaka alipoketi mama, na mjukuu mapajani, akasimama mbele yake.

"Hii ni ya mtoto wetu wa mwisho," alimwambia. "Za wale wengine nitazileta." Alitafuta maneno, na kwa kuwa mama hakumsaidia, ikabidi ayapate mwenyewe. "Baba alisema mbuzi atakula heshima yangu. Hakusema nikunyime supu. Hilo nilijipangia mimi."

Mama alinipa mtoto, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Alikunywa polepole bila kumwangalia. Mara moja tu alitua, akautazama ule mkono wa kijivu, kisha akaendelea mpaka mwisho. Chumba kizima tulimsubiri. Alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Imechelewa," alisema, "lakini ina chumvi." Akamrudishia bakuli. "Ongeza."